Sahihi Mia na Kumi na Mbili za Mtaa Wetu

4 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba, maana najua shikamoo ungeanza nayo. Huku hatujambo. Bibi yako ndiye mzima kuliko sote. Juzi kanituma betri za redio mara mbili kwa siku moja, kumbe betri nzima, yeye mwenyewe ndiye aliyezungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho. Ngazi za kwenda juu anapanda mwenyewe, na ukijidai kumshika mkono anakuchapa. Mashine yangu kubwa inakohoa lakini inachapa. Najua utauliza kwa nini sikupigi simu. Maneno ya simu hayana tarehe, na hili nataka liwe na tarehe.

Wanataka kuubadilisha mtaa wetu. Kwenye ramani ya jiji sisi ni mtaa wa karakana na maduka madogo. Sasa tuwe eneo la majengo marefu ya biashara, kuanzia ghorofa nane. Mwenye kiwanja asiyejenga ndani ya miaka mitatu hapewi tena leseni ya kazi. Ghorofa nane mimi nizitoe wapi? Nina ghorofa moja tu, chini matbaa, juu analala mama yangu!

Na unajua anayeongoza kamati ya mipango miji ni nani? Mwenyekiti yule yule wa miaka yote. Na unajua aliyenunua viwanja vitatu hapa mtaani tangu mwaka jana ni nani? Kaka wa mkewe. Tunamwita Shemeji, mtaa mzima, hata wasiomjua mkewe Mwenyekiti wanamwita Shemeji. Anapita jioni na kamba ya kupimia, anatusalimia vizuri, halafu anapima ukuta wangu kwa nje kama anayepima mtu suruali.

Mkutano wa wananchi ni tarehe 12 Machi. Tangazo wamelibandika kwenye ubao wa korido, ghorofa ya tatu ya halmashauri, kati ya choo na stoo, nusu limezibwa na kabati. Mimi nililiona kwa kuwa nilikuwa na shughuli pale. Mtaa mzima nimeuambia mimi, duka kwa duka.

Wewe uko kwenye bodi ya rufaa za ardhi. Nambie tufanyeje.

Mjomba wako


21 Februari

Mjomba, shikamoo. Na Bibi shikamoo yake ya peke yake, mwambie kwa sauti.

Mimi sijambo. Mwenye nyumba kapaka mlango wangu rangi bila kuniambia, nikarudi kazini nikaushika, sasa nina kiganja cha kijani. Kazini salama. Usinipandishe cheo lakini, mimi niko masjala. Napokea mafaili, nayagonga muhuri, nayapeleka kwa wanaoamua. Sisi wa masjala hata dirisha hatuna ruhusa ya kuamua lifunguliwe.

Nitakwambia ambalo ningemwambia mtu yeyote aliyekuja dirishani. Nendeni wengi. Ulizeni maswali, na hakikisheni yanaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao. Kiongozi mwenye maslahi kwenye jambo anatakiwa ayataje mwenyewe, kisha atoke nje wenzake waamue. Muulize Mwenyekiti waziwazi, kwa adabu. Usipige meza. Nakujua.

Na barua za mtaa zikija huku, ziandikwe kwa Bodi, si kwa jina langu.

Halafu Mjomba, ni shughuli gani hiyo iliyokupeleka ghorofa ya tatu, huko kwenye kabati? Nauliza tu.

Mpwa wako


16 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Bibi kasema kiganja cha kijani ukisugue na mafuta ya taa, halafu usikae karibu na jiko. Yeye na mimi wazima. Fundi Saa anakusalimu, yule jirani yangu wa ukuta mmoja. Bado tunakula naye mchana, na bado anasema saa ya ukutani mwangu ni aibu kwake.

Mkutano tumekwenda. Yaani mpaka leo kichwa kinaniuma.

Kwanza wameuweka saa nne asubuhi, siku ya kazi. Sasa mwenye duka afunge duka? Pili, viti arobaini. Watu wakasimama mpaka kwenye ngazi, na wengine wengi wakabaki madukani. Mtaalamu wao kijana akawasha mashine ya picha, ukutani yakatokea majengo ya vioo, na miti, na watu warefu wembamba wanatembea na mbwa. Mama Vitambaa akauliza duka lake liko wapi kwenye picha. Kijana akasogeza kidole, akamwonyesha mbwa.

Maswali wakasema matatu tu, muda hautoshi. La kwanza la mtu nisiyemjua, aliuliza vioo vitasafishwaje. La pili Shemeji, naye hakuuliza, alishukuru. Mimi mkono uko juu tangu mwanzo mpaka bega likafa ganzi. Mwishowe nikasimama bila kupewa ruhusa. Nikasema, kwa adabu, sikupiga meza: Mheshimiwa, mwenye viwanja vitatu mtaani ni shemeji yako, je, umelitaja hilo kwenye kamati? Unajua alinijibuje? Akacheka. Akasema, "Jamani, tusiingilie ndoa za watu." Ukumbi mzima ukacheka, hata Fundi Saa alicheka, nilimwona! Likahesabiwa ndilo swali la tatu. Tukapewa soda.

Sasa sikiliza. Faili litakuja kwenu kukaguliwa kabla uamuzi haujatangazwa. Wewe ndiye unayelipokea. Mafaili hupotea, mimi si mtoto, nimeshafuatilia kibali cha umeme mwaka mzima. Liweke chini ya mengine, lilale huko mpaka uchaguzi upite na Mwenyekiti aondoke. Hilo tu. Sikuombi kingine, na hujawahi kuniona nikikuomba.

Mjomba wako


9 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Natumaini Bibi mzima. Mimi mzima, mvua zimeanza, paa linavuja upande wa kitabu na si upande wa kitanda, nashukuru.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali unapotania. Sijapaona. Mjomba, umesimama mbele ya watu ukamuuliza Mwenyekiti kwa nini anakalia kiti kinachoamua mambo ya ndugu zake. Siku nne baadaye unaniandikia mimi, ndugu yako, nikikalie kiti changu kwa ajili yako. Tofauti yake na wewe ni nini? Kwamba wewe nakupenda?

Faili lenu limefika. Nililifungua mimi. Nikaona jina la mtaa, nikaona na mengine, nikalifunga. Asubuhi ile ile nikajaza fomu kwamba nina mjomba na bibi kwenye mtaa huo, wakaliondoa mikononi mwangu. Sitaligusa tena, wala sitakwambia kilichomo. Nakuuliza swali moja tu: siku ya mkutano mlisaini nini?

Najua utakasirika. Kasirika, lakini nijibu.

Mpwa wako


14 Juni

Mpwa,

Bibi hajambo. Anauliza kwa nini huandiki, nikamwambia una kazi nyingi.

Sikukujibu kwa sababu nilikasirika. Nilikulea kwenye karatasi zangu. Herufi ya kwanza uliiandika nyuma ya kadi ya harusi iliyokosewa. Mtu niliyemfundisha kuandika ndiye kanijazia fomu. Haya, yamepita, sitaki kuyarudia.

Tarehe 10 halmashauri imetangaza. Mabadiliko yamepita. Tangazo linasema wananchi mia na kumi na mbili wa mtaa walishirikishwa na wakakubali kwa maandishi. Mia na kumi na mbili! Tulisaini mahudhurio, basi, kama mkutano wowote. Watu wamejaa matbaani tangu asubuhi wananiuliza mimi, maana mimi ndiye niliyewaita. Fundi Saa kauliza mbele ya wote: "Mpiga chapa, imekuwaje?" Nikasema sijui.

Leseni yangu inakwisha mwaka wa tatu kutoka sasa. Mama ana miaka themanini na nne, unataka nimwambie ashuke zile ngazi aende wapi?

Mjomba wako


20 Juni

Mjomba, shikamoo.

Kadi ya harusi ile ninayo. Bwana harusi aliandikwa jina la baba mkwe. Kila ninapohama nyumba nahama nayo, kwa hiyo usiniambie nimesahau.

Nakujibu haraka kwa kuwa siku za kukata rufaa ni thelathini tangu tangazo, na tano zimekwisha barua yako ikiwa njiani, na hii nayo itakula zake. Mwisho ni tarehe 10 Julai.

Sasa jambo limetangazwa, karatasi zile si siri tena. Mwananchi yeyote ana haki ya kwenda halmashauri akaomba kuziona. Wakikwambia karani hayupo, kaa hapo hapo, atakuwepo. Zitazame mwenyewe. Sikwambii utazame nini. Wewe ni mpiga chapa na macho unayo.

Ukishaziona, niandikie. Na safari hii usininunie miezi miwili.

Mpwa wako


29 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Ile ya Aprili pia marahaba, nilikunyima, nisamehe.

Nimekwenda. Karani hayupo, nikakaa, akawepo. Akaniletea jalada. Sikuhitaji hata kuvaa miwani. Kona ya chini kushoto, kila karatasi, doa dogo la wino. Roli ya pili ya mashine yangu ina jeraha tangu wewe uko darasa la tano. Ni karatasi zangu. Nadhani na wewe ulilijua siku ile ile ulipofungua faili, na ndiyo maana uliuliza tulisaini nini, kama ulivyouliza Februari kuhusu ghorofa ya tatu, na mimi nikajitia kiziwi mara zote mbili.

Haya, ngoja nikuambie yote. Januari halmashauri walinipa kazi. Karatasi zenye mistari: namba, jina, kiwanja, sahihi. Juu waliniambia niache wazi, kichwa watajaza wenyewe. Sikuuliza. Katika kazi yetu maneno ni ya mteja, ya kwangu ni wino na mistari kunyooka. Baba yako mkubwa alichapishiwa tangazo la kifo akiwa hai, nikachapa mimi, sikuuliza. Kupeleka mzigo wa karatasi hizo ndiyo shughuli iliyonifikisha ghorofa ya tatu. Kazi ya halmashauri siku hizi ndiyo inayoiendesha matbaa, wengine wote wanachapa kwa kompyuta zao. Huku nampigia kelele Mwenyekiti, huku nachapa kwa ajili ya Mwenyekiti. Sikumwambia mtu. Niliona ni biashara tu, haihusiani.

Hilo bado dogo. Siku ya mkutano viti ni arobaini, nikaona tutaonekana wachache. Mkutano ulipokwisha nikachukua karatasi zile mimi mwenyewe, nikapita nazo duka kwa duka kwa wasioweza kufunga. Nikawaambia, "Sainini, waone tuko wengi." Mama Vitambaa, aliyetoka ukumbini mapema, alikuwa na mteja, alisaini bila kutazama, kwa sababu ni mimi. Sahihi ya kwanza ni yangu. Ya pili Fundi Saa. Na juu, pale nilipoacha wazi, sasa pameandikwa kwa herufi za printa ya ofisini, nyembamba, tena zimekaa kombo: ORODHA YA WANANCHI WALIOKUBALI.

Zaidi ya hamsini katika hizo nilizikusanya kwa mikono yangu. Nilisimama pale kaunta ya karani nikatamani ardhi inimeze.

Najua unataka nini. Unataka niape kwa maandishi kwamba karatasi zilichapwa bila kichwa, na kwamba nilizichapa mimi. Siwezi. Watasema nililipwa kuuza mtaa. Fundi Saa nitamtazamaje? Tafuta njia nyingine, lazima iwepo, wewe umesoma. Na Bibi asijue.

Mjomba wako


3 Julai

Mjomba, shikamoo.

Nimetafuta. Hakuna njia nyingine. Sahihi ni za kweli, za watu wa kweli, na atakayesema kichwa kilikuja baadaye ni yule aliyeiona karatasi ikitoka mashineni. Ni wewe peke yako.

Sikuwahi kukwambia kilichonipata baada ya fomu ile. Mkuu wangu alisema mtu mwenye ndugu wengi kwenye ardhi hafai masjala. Tangu Aprili niko stoo. Nahesabu viti vilivyovunjika. Vipo mia tatu na sita, na kila wiki wananiambia nihesabu upya. Sikujuta, ila nilikasirika sana, na nilikukasirikia wewe kuliko wao, kwa sababu wewe ndiye ungenielewa na ulininunia.

Ulimtaka Mwenyekiti kitu kimoja: aseme lake mwenyewe kabla hajasemewa. Nimesema langu. Zimebaki siku saba.

Mpwa wako


25 Agosti

Mpwa wangu,

Marahaba sana. Bibi anajua. Nilimwambia mwenyewe, usiku ule ule nilipopata barua yako ya viti. Alizima redio. Akasema, "Ulikuwa hivyo hivyo tangu mdogo, unaandika kwanza ndipo unasoma." Akaiwasha. Asubuhi akashuka ngazi akaja nami kwa wakili kula kiapo, na njia nzima alitangulia yeye.

Nilitaka mtaa ulisikie hili mdomoni mwangu kabla halijafika kwenye gazeti. Nikawaita matbaani, nikawasomea kiapo changu mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye "nilizipitisha mimi" nikausoma mstari mara mbili. Mama Vitambaa alinitukana, sitakuandikia alichosema, ilikuwa haki yake. Fundi Saa aliinuka. Alitoka.

Rufaa tuliiwahisha kabla ya tarehe 10, na Bodi yenu ikaja kuisikiliza hapa hapa, ukumbi ule ule. Nikasimama nikasema: mimi nilichapa, nilikuwa na kazi ya halmashauri, nilificha, na nimeiacha. Kisha nikamgeukia Mwenyekiti nikasema, "Mheshimiwa, mimi nimesema langu. La kwako?" Safari hii hakucheka mtu. Mwenyekiti alikunywa maji. Akasema wakili wake hajafika.

Bodi ikazitupa sahihi zote na kufuta uamuzi. Turudi mwanzo, mkutano mpya, na Mwenyekiti ajitoe. Usishangilie mapema. Mkutano mpya umefanyika jana. Saa ngapi? Saa nne asubuhi, siku ya kazi. Tangazo? Ubao ule ule, safari hii kabati wamelisogeza kidogo. Na Mwenyekiti kajitoa kweli: aliinuka kwenye kiti chake akakaa kiti kinachofuata, makamu akaingia kwenye kile. Kila swali makamu anainamisha sikio, Mwenyekiti anamnong'oneza, makamu anajibu. Nilisema ukumbini kwamba huku si kujitoa, huku ni kusogea! Safari hii lakini limeandikwa kwenye kumbukumbu, nilisimama nyuma ya karani mpaka nikaona kalamu yake inaandika. Uamuzi umeahirishwa mpaka Novemba. Mtaa bado ni wa karakana, leseni bado ninayo, na Shemeji bado anapita na kamba. Nimechoka, mpwa wangu. Nimechoka na watu hawa.

Karatasi ya mahudhurio ilipita. Si yangu, siku hizi wanachapa wenyewe, mistari imepinda. Mama Vitambaa akaisoma mbele na nyuma, akaomba kalamu, akaandika juu kwa mkono wake: Tumehudhuria tu, hatujakubali kitu. Ndipo akasaini. Wote waliofuata waliisoma kwanza, mmoja mmoja, makamu akawa anatazama saa na hakuna aliyeharakisha. Ikanifikia, nikasoma, nikasaini.

Aliyekaa baada yangu ni Fundi Saa. Nikampa. Hakunyoosha mkono. Alinitazama mpaka nilipoiweka juu ya kiti kitupu kilichokuwa kati yetu, ndipo akaichukua.

Mjomba wako